Habari za Papa Omer, Aliyekimbia Kalembe Pasipo Kufukuzwa

Tueni majembe, enyi watu wa mpaka! Ninyi wa upande wa Masisi mliolelewa kwa maziwa na viazi, nanyi wa upande wa Walikale mliolelewa kwa ndizi na nyama ya msituni, sogezeni vigoda karibu na moto, mfunge midomo, na mwenye kikohozi akakohoe nje. Sikuja kuwasimulia mfalme wala jemadari, kwa maana wafalme wana waandishi wao, na majemadari hujisifu wenyewe kwenye redio. Nimekuja na habari za Mbusa Omer, mwana wa Butembo, bwana wa duka la kona pale Kalembe, mlinzi wa chumvi na sabuni, Omer wa Tumbo Tangulizi, ambaye katika mwaka huu wetu wa mvua zisizo na haya aliamka asubuhi, akavaa viatu, akakimbia.

Msicheke. Mnacheka kwa kuwa hamjauliza alikuwa akikimbia nini. Hakuwa akikimbia kitu chochote, na hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia.

Kwanza mjue chanzo cha vita, kwani hakuna vita visivyo na chanzo, hata vile vya mtu na tumbo lake. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi, risasi zililia upande wa mashamba, na Kalembe ikafanya lile jambo ambalo Kalembe imekuwa bingwa wake pasipo kutaka: ikakunja magodoro, ikajitwika masufuria, ikashika njia ya kilima. Omer alitoka na mkewe Adrienne, mwanamke mwembamba mwenye hatua ndefu na ulimi mrefu kuliko hatua. Walikwenda vizuri mpaka katikati ya kilima cha mikaratusi, pale penye jiwe jeupe kando ya barabara. Hapo moyo wa Omer ukaanza kutwanga kama mchi, pumzi ikamkimbia kabla yeye hajakimbia, na magoti yake yote mawili yakajiuzulu pasipo kuandika barua. Akaketi juu ya jiwe.

“Enda, Mama,” akamwambia mkewe. “Nitakufuata.”

Adrienne akamtazama. Akatazama na kule juu, ambako kijiji kilikuwa kikitoweka nyuma ya kona. Kisha akatua sufuria kutoka kichwani, akaketi matopeni kando ya lile jiwe, akavuta kitenge chake juu ya magoti kwa adabu kama aliye kanisani.

“Mimi siende,” akasema. “Njo nimekaa vile, ndiyo basi.”

Omer alimbembeleza, akamfokea, akamwapia kwa majina ya watakatifu wote aliowakumbuka, naye Adrienne akakaa. Wangekaa hata leo kama asingepita Gisubizo, msukuma chukudu, yule farasi wa mbao mwenye magurudumu mawili anayebeba mizigo ya nchi hii. Alishusha magunia mawili ya viazi, akampakia Omer mahali pake, kifudifudi, naye Adrienne akasukuma kwa nyuma. Hivyo ndivyo bwana wa duka la kona alivyoupanda mlima mbele ya macho ya wateja wake wote.

Kesho yake ikajulikana kwamba zile risasi zilipigwa na mlevi mmoja aliyekuwa na furaha. Watu wakarudi, viazi vikaokotwa, na utani ukaanza. Lakini nisikilizeni vizuri, kwa maana jambo zima liko hapa: kilichomnyima Omer raha hakikuwa utani wala viazi. Alikuwa ameishi na Adrienne miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumwona akibadili neno. Siku nyingine ikija, na siku nyingine huku kwetu huja, yeye akiketi, Adrienne ataketi. Aliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa kufa.

Alipokwisha kuibeba hofu hiyo mwaka mzima, akaenda kituo cha afya kwa Mama Hélène, muuguzi, mwanamke asiyebembeleza mtu. Mama Hélène akamfunga mkono kwa ule mfuko wa kupimia, akaujaza upepo, akasoma, akasoma tena.

“Papa Omer,” akasema, “hii mashini iko inaniuliza kama nimefunga muntu mumoja ao wawili. Sikia muzuri. Utaanza kukimbia. Hapana kama mutoto anaenda masomo. Utakimbia dakika moja, utatembea dakika tatu, ukimbie tena. Siku tatu mu juma. Leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, upunguze.”

Omer hakuwa na saa iliyoweza kuvumilia mvua, na simu yake ilikuwa na betri ya kizee. Lakini alikuwa Mkatoliki wa Butembo, na Mkatoliki wa Butembo hakosi rozari mfukoni. Akapima nyumbani, akaona Salamu Maria tatu zinatosha dakika moja zisipokimbizwa. Ikawa sheria: tatu akikimbia, tisa akitembea. Mama wa Mungu amepokea maombi mengi kutoka nchi hii, ila sidhani kama alikuwa amepokea yaliyokatwakatwa kiasi kile.

Sasa sikieni juu ya kampeni ya kwanza, ile ya kiangazi, na mwenye moyo mwepesi ashike nguzo.

Omer alitoka dukani saa kumi na mbili ya asubuhi, mwezi wa Juni, hakumwambia mtu. Alivaa kaptula. Aliuacha mlango wa duka wazi, kwa kuwa hakuwa anaenda mbali. Akashika njia ya kuteremka kuelekea darajani, akaanza: Salamu Maria, umejaa neema. Ng'ambo ya barabara alikuwako Mama Falone, jirani yake, muuza maharage, akifagia uwanja. Mama Falone akainua macho, akaona.

Enyi wenzangu, mtu akikimbia huku amejitwika godoro, watu wa Kalembe humwuliza, “Iko wapi?” Hata mwenye mbuzi begani huulizwa. Lakini mfanyabiashara anayekimbia mikono mitupu, katika kaptula, huku ameacha duka wazi? Huyo haulizwi. Kama mtu wa Butembo ameacha duka wazi, basi mambo yamekwisha. Mama Falone alitupa ufagio, akapiga ukelele mmoja, akaingia ndani, na kabla Omer hajamaliza Salamu Maria ya pili, godoro lilikuwa kichwani. Nyumba ya pili ikaona ya kwanza, ya tatu ikaona ya pili.

Omer, akiwa katika Salamu ya tatu, akasikia ardhi inatetemeka. Akageuka. Akaona kijiji kizima kinamfuata na masufuria, watoto migongoni, kuku wakining'inia, Papa Déo, kapita, yaani mkuu wa kijiji, akiwa na kiatu kimoja. Mngewaza nini ninyi? Aliwaza vilevile. Akatupa rozari mfukoni akakimbia kweli. Nao walipoona ameongeza mwendo, wakaongeza. Naye alipoona wameongeza, akaongeza. Kwa muda huo mfupi Kalembe ilikimbia kwa nguvu isiyopata kuonekana, kila mmoja akimkimbia mwenzake, mpaka wote wakafika darajani, na Omer akaanguka chali kwenye majani.

“Papa Omer!” Mama Falone akamwinamia, godoro likimfunika kichwa. “Iko wapi?”

“Nini?”

“Vita!”

“Minauliza weye,” akahema Omer. “Njo ninyi munakimbia.”

“Tunakimbia juu weye unakimbia!”

Mto ukapita chini ya daraja. Kuku mmoja akatoa maoni yake.

“Mimi…” akasema Omer, “mimi minafanya sport.”

Waliporudi, maharage ya Mama Falone yalikuwa yamegeuka makaa motoni. Papa Déo akakalisha baraza siku ileile, akavaa na kiatu cha pili, akasimama, akanena maneno yaliyoingia katika kumbukumbu za kijiji.

“Bantu ya Kalembe! Tangu baba zetu, muntu anakimbia juu ya vitu tatu: nyoka, moto, na masasi. Huyu Papa anatuletea kitu ya ine, jina yake sport. Mimi sikatae sport. Lakini muntu mukubwa, mwenye duka, akikimbia bure, siku ya kweli bantu bataamini nini? Atoe mbuzi, tukule, iishe. Na asikimbie tena mpaka tupate namna.”

Mbuzi akaliwa. Namna haikupatikana, kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Omer akavitundika viatu kwenye msumari nyuma ya mlango, buibui akavihamia, na Tumbo Tangulizi likarudia nafasi yake kama chifu aliyerudi kutoka safari. Julai ikapita, Agosti ikapita, mvua zikarudi kwa hasira ya mtu aliyekaribishwa kuchelewa, na Omer alijiambia kila asubuhi kwamba angeanza tena mbingu ikitulia. Ninyi mnaijua mbingu ya Masisi. Haitulii ila ikiwa inavuta pumzi.

Ndipo siku moja ya Septemba, mchana, alipomkuta Adrienne akipanga furushi la safari. Kila nyumba huku inalo furushi hilo: nguo mbili, chumvi, kiberiti, kadi za ubatizo. Akamwona anakunja kimkeka kidogo cha matete, anakitia juu ya vyote.

“Hii mukeka iko ya nini?”

“Iko ya jiwe,” akasema Adrienne.

“Jiwe gani?”

“Ile ya mulima. Mwaka ile matope iliharibisha kitenge yangu. Siku ingine tutatandika, tukae muzuri.”

Alisema bila hasira, kama mtu anayesema chumvi imebaki kidogo. Alikuwa ameshapanga. Omer akaenda nyuma ya duka, akasimama kati ya magunia, na siwafichi, alilia. Kisha akamfukuza buibui.

Akaenda kwa Papa Déo, akasimama mlangoni akidondoka maji. “Kapita, nataka kukimbia. Mutafute ile namna.”

Baraza likakaa. Mmoja akasema apige filimbi anapokimbia, akakumbushwa kwamba filimbi ndiyo ishara ya hatari. Mwingine akasema aimbe, na Omer akaapa kwamba kama angekuwa na pumzi ya kuimba asingekuwa na shida ya kukimbia. Ndipo akasimama Magloire, mwindaji kutoka msitu wa Walikale, mtu wa maneno machache na mbwa wengi.

“Kule kwetu,” akasema Magloire, “mbwa ya kuwinda tunaifunga kengele ya muti. Ukisikia ko-ko-ko mu pori, huogope. Unajua iko uwindaji. Unabakia fasi yako, pengine utapata nyama. Tumufunge huyu Papa kengele.”

“Munifunge kengele ya mbwa?” Omer akainuka, ukoo wote wa Mbusa ukainuka pamoja naye. “Mimi, mwenye duka?”

“Papa,” akajibu Magloire taratibu, “mbwa yangu anafikaka kule juu ya mulima. Weye hujafika.”

Omer aliukumbuka ule mkeka. Akaketi, akasema, “Munifunge.”

Jumapili, baada ya Misa, katekista Sébastien akasimama mbele ya waumini na karatasi. Alisoma ratiba ya ubatizo, akasoma habari ya mwavuli uliosahauliwa, kisha akakohoa.

“Komunike ya mwisho. Siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, ni kusema Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili ya asubui, Papa Omer atakimbia. Hakuna vita. Narudilia: hakuna vita. Mukisikia kengele ya mbwa, mubakie mu nyumba, muendelee na kazi. Lakini mukimuona anakimbia bila kengele, kila muntu aokoe maisha yake. Twende na amani.”

“Tumshukuru Mungu,” wakaitika wote.

Hivyo ndivyo kampeni ya pili ilivyotangazwa, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza iliisha siku ileile.

Nani atayahesabu majeshi yaliyompinga? Wa kwanza alikuwa Blanketi, jemadari mzee, mnono, mwenye hila, aliyemshika Omer mabega kila alfajiri na kumnong'oneza: leo hapana, leo iko mvula, kesho. Nyuma yake alisimama Paa la Bati, mpiga ngoma wa adui, aliyeyakuza manyunyu yakasikika gharika. Nje yalimngoja Matope, yale ya Kalembe, yanayoazima viatu na kusahau kuvirudisha. Siku ya kwanza Omer alishindwa na jemadari. Siku ya tatu alimshinda jemadari, akashindwa na mpiga ngoma. Siku ya tano alifika matopeni, akapoteza kiatu cha kushoto, akakitafuta kwa mkono hadi kwenye kiwiko huku kengele ikilia kiunoni, naye Mama Falone akiwa mlangoni, mkono mmoja juu ya godoro, kwa tahadhari tu.

Halafu kulikuwa na mbwa. Magloire alikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Watasema, na Watasema aliposikia kengele yake inapita barabarani alitoka mbio, akiamini kwamba nyama inafukuzwa. Alimpita Omer, akainusa mitaro yote miwili, akabweka kwenye kila kichaka mpaka darajani. Alipoona hakuna swala wala panya, aliketi katikati ya njia akamtazama Omer kwa namna ambayo Omer hajawahi kutazamwa hata na padri. Lakini kesho kutwa yake alikuja tena. Mbwa ana imani kuliko sisi.

Juma la pili mvua ilinyesha siku zote saba. Omer hakutoka hata mara moja. Alikaa dukani akila ndizi za kukaanga, akijieleza kwa wateja ambao hawakumwuliza kitu. Jioni Adrienne hakumlaumu. Aliuchukua ule mkeka, akautoa vumbi, akaurudisha juu ya furushi. Mwanaume aweza kuvumilia matusi, ila si kutolewa vumbi mkeka mbele yake.

Hapo Omer akavumbua ile silaha ambayo wakimbiaji wa kesho wataibariki. Aligundua kwamba kosa lake lilikuwa kujadiliana na mvua akiwa angali kitandani, mahali ambapo mvua ina mawakili. Akaweka amri: viatu kwanza, majadiliano baadaye. Akiamka, anavaa viatu kabla ya kufungua dirisha. Akishafunga kamba anaweza kulalamika atakavyo. Na mtu aliyeketi kitandani amevaa viatu na kengele ya mbwa hujiona mjinga, basi heri atoke. Akatoka. Salamu tatu kwa tisa zikawa nne kwa nane, sita kwa sita. Alianguka, akainuka, akaanguka mahali palepale kesho kutwa yake. Oktoba ikaisha akiwa anaweza kukimbia fungu zima la rozari, Salamu kumi, pasipo kusimama. Kilima hakukigusa. Alikizunguka kwa macho tu, kama mtu anayemwogopa mkwe.

Ikafika Ijumaa moja ya Novemba. Mvua ya siku hiyo isiitwe mvua. Mbingu ilikuwa imelala juu ya mabati. Jemadari Blanketi alipanga vikosi vyake vyote. Omer alikuwa amevaa viatu kabla jemadari hajamaliza hotuba.

“Mvula iko mingi,” Adrienne akasema kutoka gizani.

“Niko naisikia,” akajibu. “Leo minapanda.”

Omer akatoka.

Akashuka hadi darajani, Watasema akitangulia, kengele ikisema ko-ko-ko katika mvua, akageuka, akaanza kurudi. Alikuwa katika Salamu ya sita, na mwili wake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haukumpinga. Akakaribia duka lake. Mbele yake barabara ilipita kati ya nyumba, ikaingia kilimani. Na hapo, hatua chache tu kabla ya mlango wa Mama Falone, kamba iliyooza kwa maji ikakatika. Kengele ikaanguka. Matope yakaimeza bila hata kutafuna.

Kimya! Enyi mlioketi hapa, mnakumbuka tangazo la katekista? Bila kengele, kila muntu aokoe maisha yake. Omer alilikumbuka. Akisimama kuitafuta, kifua kitapoa na kilima hakitapandwa leo, na alijua, kama mtu anavyojijua, kwamba asipopanda leo hatapanda tena. Asiposimama, Kalembe nzima itakimbilia mvuani na watoto migongoni. Akapunguza mwendo. Miguu yake ikapiga maji, chap, chap, chap, bila kengele, nao mlango wa Mama Falone ukafunguka.

Mama Falone alisimama pale, mwiko mkononi, maharage yakichemka nyuma yake. Aliona mfanyabiashara anakimbia mikono mitupu. Mkono wake ukaenda kwenye godoro wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, ukalishika.

Omer alitaka kupaza sauti, na pumzi ya kupaza hakuwa nayo. Alimtazama tu, maji yakimtiririka puani.

Mama Falone akalitazama tumbo lile linavyoruka. Akaitazama kaptula. Akamwangalia mbwa. Mkono ukaliachia godoro.

“Aah,” akasema, “ni sport.”

Kisha akaona kiuno kitupu, naye alikuwa mwanamke mwepesi wa akili. “Papa Omer! Kengele yako imeanguka! Usisimame, usisimame, enda! Mimi nitalia juu yako!”

Akashika sufuria tupu, akaipiga kwa mwiko: ko-ko-ko! Nyumba ya pili ikasikia, ikachungulia, ikaelewa, ikachukua sufuria yake. Ya tatu ikapokea. Papa Déo akatoka na viatu vyote viwili, akipiga karai. Zile sufuria ambazo kwa miaka zilijua kazi mbili tu, kupika na kukimbizwa, sasa zilifanya kazi ya tatu. Zikapokezana mlio kutoka mlango hadi mlango, zikimtangulia Omer barabara nzima, na watu wakasimama kwenye vizingiti vyao wakiwa wamelowa, wakicheka, wakipiga kelele, “Panda, Papa! Panda! Hakuna vita!” Hakuna mfalme aliyepata kupigiwa ngoma namna ile, na kama yuko, hakuwa amevaa kaptula.

Nyumba zikaisha. Sufuria zikabaki nyuma. Akabaki yeye, mbwa, mvua, na kilima.

Sitawadanganya kwamba aliruka kama swala. Alipanda kama ng'ombe anayevuka mto. Salamu ya kwanza aliisema nzima, ya pili nusu, ya tatu alitaja jina tu. Moyo ukaanza kutwanga kwa mchi uleule. Mikaratusi ikapita moja moja, kwa uchungu, na kwenye kona akaliona lile jiwe jeupe, limeoshwa na mvua, safi, linamngoja. Magoti yakaomba kikao. Jiwe likasema, kwa sauti ya kirafiki, karibu. Naye akamwona Adrienne, si kwa macho, akitandika mkeka vizuri, akivuta kitenge juu ya magoti.

“Hapana,” akasema Omer.

Akalipita.

Akalipita, nami nasema tena ili wa nyuma wasikie, akalipita! Akaenda hatua moja, akaenda ya tatu, akaenda ya saba akiyumba, ya kumi akivuta majani, na ya kumi na moja ilikuwa ya magoti, lakini tumeihesabu. Hapo akaketi matopeni, mdomo wazi mbinguni, akinywa mvua. Watasema akaketi kando yake, na safari hii hakumtazama vibaya.

Adrienne alizisikia sufuria. Alipanda na mwavuli uliopinduliwa na upepo, akifuata nyayo. Alifika kwenye jiwe, akalikuta tupu. Nawaambieni, alisimama hapo na mkono ukamwenda kifuani. Kisha akainua macho, akamwona juu kidogo. Akapanda polepole kwa ile miguu yake mirefu, akihesabu kwa sauti, kwa kuwa ni mwanamke anayependa kujua.

“Kumi na moja,” akasema.

“Njo… vile,” akahema Omer.

“Jiwe iko kule chini.”

“Minaiona.”

Mvua ikaendelea. Omer akavuta pumzi, akavuta nyingine, akatafuta maneno ambayo alikuwa ameyabeba tangu Machi ya mwaka ule.

“Mama. Siku ingine ikifika, nikikuambia enda, nitakufuata… utaenda?”

Adrienne alimtazama, huyu mtu aliyejaa matope hadi kwenye nyusi, mwenye kipande cha kamba ya mbwa kiunoni. Machozi yalimtoka, na mvua ikawa na adabu ya kuyaficha.

“Nitaenda,” akasema. “Sasa nitaenda. Weye unifuate.”

Ndiyo mara pekee katika miaka yote ya ndoa yao alipobadili neno.

Basi iandikwe, na asiyejua kuandika akariri: kwamba katika mwaka huu wa mvua, Ijumaa ya Novemba, Mbusa Omer, Mshinda Blanketi, Mpita Jiwe, alikimbia Kalembe kutoka darajani hadi hatua kumi na moja juu ya jiwe jeupe, kwamba alikimbia mikono mitupu na bila kengele, na kwamba hakuna mtu aliyekunja godoro. Maharage ya Mama Falone yaliiva siku hiyo, yakaliwa. Kengele ya Magloire ilipatikana baada ya siku mbili, Watasema aliifukua.

Na kama kuna asiyeniamini, aende dukani kwa Omer leo hii. Mbele ya mlango, jua likitoka kidogo, atakuta mkeka mdogo wa matete umetandazwa, na juu yake maharage yanaanikwa. Ulitolewa kwenye furushi Ijumaa ileile, na haujarudishwa.